Mama wa Kijapani na Tarumbeta za Baba

Kwa miezi saba niliamini kwamba ndani ya redio ya gari langu mlikaa mama wa Kijapani ambaye kazi yake ilikuwa kukataza CD za kuchoma. Sikuamini nusunusu. Niliamini kwa akili timamu na kwa cheti changu cha kidato cha nne, nilichokipata kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na sita, ndevu, na watoto watatu. Cheti hicho mke wangu amekitundika sebuleni, juu zaidi ya picha ya harusi yetu.

Habari ya huyo mama niliipata kwa kinyozi wangu wa Muheza, mtu ambaye akikushika kichwa ana uhuru wa kukimwagia chochote ndani yake. Nilikuwa nimemlalamikia kwamba gari langu linatema CD niliyoichoma mwenyewe, halafu kila ninapoliwasha kuna mwanamke anasema maneno kwa sauti ya adabu sana, kama mtu anayekuomba utoke nje ya benki. Kinyozi akazima mashine yake ya kunyolea.

"Anasemaje? Hebu yaseme kama anavyoyasema yeye."

Nikayasema. Niliyasikia mara mbili kila nilipolitoa gari, kwenda na kurudi, kwa hiyo nilikuwa nayajua kuliko wimbo wa taifa. "Kuna kitu mwanzoni sikipati vizuri. Halafu anasema: kadoga sonyu salete imaseni."

"Rudia."

"Kadoga sonyu salete imaseni."

"Ewe msomi wa jioni!" akapiga kofi kiti. "Wallahi Kiswahili hicho hukisikii? Kadoga ni kadogo. Salete, usilete. Imaseni ni mashine, Mjapani hawezi kusema 'shi' vizuri. Anakwambia, vya kamashine kadogo usilete! Wewe si unachomea CD kwenye kakompyuta?"

"Naam."

"Basi. Kule kiwandani wanajua gari linakwenda wapi. La Uganda linatiwa Kiingereza, la Tanga linatiwa Kiswahili. Wameona wizi wa muziki umezidi, wakamtia mama ndani, anakagua."

Mzee aliyekuwa akisubiri zamu yake akasema, "Ndiyo maana Kiswahili chake kibovu. Kafundishwa na Mjapani mwenziwe."

Tulicheka wote watatu, lakini mimi nilicheka huku naamini. Kinyozi akaniinamia sikioni kwa ajili ya onyo la mwisho. "Na usije ukampeleka kwa fundi. Redio hizi zikifunguliwa tu zinajifunga, zinadai namba za siri, na namba zenyewe ziko Japani. Ami yangu Pangani, gari lake bubu mpaka leo."

Sasa ili ueleweke ujinga wangu ulifika wapi, inabidi nimlete Baba.

Baba alishuka kutoka milimani Usambara akiwa kijana kuja kukata mkonge, akapanda cheo mpaka akawa mtu wa korona. Jina hilo lilikuwa la mkonge kabla halijawa la ugonjwa: korona ndiyo mashine inayolamba majani mabichi upande mmoja na kutoa singa, nyuzi nyeupe za mkonge, upande wa pili, kwa kelele ambazo, nikisema kwa kupunguza, ungezisikia Mombasa. Miaka ishirini na nane ya kelele hizo ilimla masikio. Tulizaliwa tukamkuta anasoma midomo.

Jumapili alikuwa mtu mwingine. Kanisa letu la Kilutheri pale shambani lilikuwa na kundi la tarumbeta, wanaume tisa, wote wa mkonge, na Baba ndiye aliyepuliza ile kubwa kuliko zote, inayomzunguka mtu mwili mzima. Sisi tuliiita besi. Aliposhika sauti ya chini kabisa, sikwambii, mabenchi yalikuwa yakisogea yenyewe kuelekea madhabahuni. Mchungaji alikuwa akishika Biblia kwa mikono miwili. Baba mwenyewe alisema besi haisikiki kwa masikio, inasikika kwa mbavu, ndiyo maana korona haikuweza kumnyang'anya.

Wazee wale walikwisha, mmoja mmoja. Zikabaki kaseti kumi na moja ndani ya boksi la viatu. Kisha figo za Baba zikagoma.

Ikawa kila Jumatatu na Alhamisi nampeleka hospitali Tanga mjini kusafishwa damu, kutoka huku kwetu upande wa Muheza, tunapita Pongwe, tunaingia mjini asubuhi. Anafungwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne. Aliichukia mashine ile kwa chuki ambayo sikuwahi kumwona nayo kwa mtu yeyote. Aliipa jina.

"Leo tena wananipitisha koronani," alikuwa akisema akiingia garini. Na tukirudi, akiwa mweupe midomo, "Tazama. Natoka singa."

Nilikuwa nacheka. Yeye hakuwa anacheka sana.

Gari nililinunua kwa ajili ya safari hizo kutoka kwa kijana mmoja wa mjini aliyependa mdundo. Gari dogo la Kijapani, limechoka huko kwao likaja kuchoka tena kwetu. Lakini kijana yule alilitia sabufa nyuma kwenye buti, sabufa kubwa kiasi kwamba tairi la akiba lilihamia kiti cha nyuma kama abiria. Redio yenyewe ilikuwa ile ya Kijapani, maandishi yote ya Kijapani, haina pa kuchomeka flashi wala simu. Stesheni ilinasa moja tu, na hiyo kwa mvumo, maana masafa ya redio ya kwao yanaishia pale ya kwetu yanapoanza kunoga. Ilikuwa na mdomo wa CD, basi. Ndani ya mdomo ule tulikuta CD moja ya nyimbo za Kijapani, imesahauliwa na mwenyewe wa kwanza huko ng'ambo.

Alhamisi moja Baba alikuwa amenyamaza toka tulipotoka nyumbani. Jana yake jioni alikuwa ameniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba anataka kuacha. Hakutaka tena kufungwa mipira. Alikuwa ameishi, alisema, na angependa kupumzika kitandani kwake. Njiani nikabonyeza CD ya Mjapani ili gari lisiwe kimya, na nikafungulia sabufa.

Tulikuwa tumepita mistari ya mkonge kabla ya Pongwe. Baba akaweka kiganja chake kwenye mlango. Akakiacha hapo. Kisha akaegemeza bega, kisha ubavu.

"Nasikia," akasema.

"Unasikia nini, Baba?"

"Besi. Huyu mtu anapiga vibaya, lakini ni besi." Akanigeukia na kunitazama midomo ili asikose jibu. "Hii inaweza kupiga za kwetu?"

"Itapiga, Baba. Alhamisi ijayo, mapema asubuhi, itapiga."

"Ikipiga za kwetu nitakwenda," akasema. "Mradi nazisikia njiani, nitakwenda mpaka watakaponichoka wao."

Ndiyo mapatano yetu. Hayakuandikwa popote, lakini nimewahi kuweka sahihi karatasi nyingi maishani na hakuna iliyonibana kama hayo.

Mimi nafanya kazi steshenari: napiga chapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti ambazo watu wakiziona wanakana sura zao. Hapo pana kompyuta, na mwenye duka ana deki ya zamani ya kaseti. Nikakaa siku nne nikizihamisha kaseti za Baba kuziingiza kwenye kompyuta. Zilikuwa zimejaa maisha yote yale: mtu anakohoa, jogoo wa mchungaji anaingilia kati ya ubeti, na chini ya yote, sauti ya Baba inayotembea taratibu kama mtu anayebeba kabati. Nililia steshenari, mteja akadhani nimekosea barua yake ya maombi ya kazi.

Zilipokwisha nikaweka CD tupu kwenye kompyuta. Kompyuta ikaniuliza swali moja: unataka kuchoma data, au audio? Nikajaribu audio. Ikaniambia zitaingia nyimbo kumi na nane. Kumi na nane! Nilikuwa nazo mia na sita. Nikajaribu data. Zikaingia zote, na nafasi ikabaki ya kumzika mfalme. Tena nikakumbuka mwalimu wetu wa kompyuta wa masomo ya jioni, aliyekuwa akipiga meza na kusema, "Kompyuta haijui muziki, haijui barua. Kompyuta inajua data!" Nikabonyeza data kama mtu anayejibu swali la mtihani alilolisoma.

Alhamisi ikafika. Baba alivaa koti. Hakuwahi kuvaa koti kwenda kusafishwa damu. Tulipofika barabara kubwa nikaitoa CD ya Mjapani, nikaingiza yetu. Redio ikaimeza. Ikaizungusha, nikaisikia inazunguka humo ndani kama inatafuta miwani yake. Kioo kikaandika herufi za Kijapani. Kisha ikaitema nje.

Baba alikuwa ameshaweka kiganja mlangoni.

"Imesemaje?"

"Inapasha moto, Baba."

Tulipofika Pongwe akakiondoa kiganja, akakitia mfukoni mwa koti.

Jumamosi yake ndipo nilipokwenda kwa kinyozi. Kwa hiyo unaona kwamba sikuwa mjinga wa bure. Nilikuwa mtu mwenye shida, na mwenye shida akipewa sababu anaishika. Tena sababu yenyewe ilikaa sawa kila upande! CD ya Mjapani mwenzake, mama anaipitisha. Ya kwangu ya kamashine kadogo, anaitema. Ungenipa kalamu ningeiandika kama insha na kupata alama tisini.

Mke wangu nilimweleza wakati anakuna nazi. Hakusimamisha mkono.

"Mama yupi?"

"Wa ndani ya redio."

"Baba watoto, mpeleke kwa fundi huyo mama yako."

"Ikifunguliwa inajifunga."

"Nani kasema?"

Nikamwambia. Akaacha kukuna, akanitazama, akasema, "Kinyozi." Akaendelea kukuna. Mimi nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka nakunja uso peke yangu barabarani. Nilimwambia asiingilie mambo ya kompyuta kwa sababu hajasoma.

"Ni kweli sijasoma," akasema. "Lakini redio ni redio."

Basi nikaanza kumbembeleza mama wa Kijapani. Nilinunua CD tupu za kila aina zilizopo Tanga. Nilizichoma polepole, nilizichoma haraka. Nilizifuta kwa pamba, kwa shati, kwa kitambaa cha miwani ya Baba. Nilizianika juani, nilizilaza kwenye friji ya muuza maji. Zile zilizokataliwa nilizitundika shambani kufukuza ndege kwenye mpunga wa shemeji, na shemeji akasema mwaka ule ndege walihamia Kenya. Zote nilichoma data. Sikuwahi hata kulifikiria tena lile swali, maana lilikuwa na jibu.

Nilikuwa namwamkia. Naapa. Nilikuwa nawasha gari, mama akisema yake, nami namjibu kwa sauti ya chini, "Shikamoo mama, nakuomba leo tu." Siku moja Baba akaniona midomo.

"Unamwamkia nani?"

"Nasali, Baba."

"Sali kwa nguvu. Redio hii haitusikii."

Mke wangu aliazima spika ya jirani, ile ndogo ya kuchaji, inayopiga kutoka kwenye simu, akaiweka mapajani mwa Baba. Baba alivumilia mpaka Pongwe. "Mwambie mkwe wangu ahsante," akasema. "Lakini hii inalia kama mbu. Mimi nimepuliza kitu kikubwa." Vile vidude vinavyochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara vikaipelekea redio muziki navyo nilivisikia, ila tundu la gari langu lilikuwa limeungua tangu enzi za yule kijana wa mdundo, na kulitengeneza ni kwa fundi, na fundi ndiye nisiyemtaka.

Jumatatu na Alhamisi zikaendelea. Ninachokumbuka kuliko vyote ni kile kiganja. Kila safari alikiweka mlangoni pale ninapoingiza CD, na kila safari alikiondoa tukifika Pongwe. Hakulalamika. Nilikuwa namwekea ya Mjapani, akisikiliza kwa adabu kama mgeni aliyepewa chakula asichokila. Tukirudi aliuliza, "Alhamisi?" Nami nasema, "Alhamisi, Baba." Nilisema neno Alhamisi kwa moyo mkunjufu mara nyingi sana hata siku yenyewe ikaanza kuniogopesha.

Miezi ya machungwa ikaingia, Muheza yote ikanuka maganda, wachuuzi wakajaa barabarani na nyavu zao. Baba aliruhusiwa kipande kimoja tu kwa wiki, daktari alikataza matunda mengi. Alikuwa amepungua. Koti lilimkaa kama limetundikwa msumarini. Siku hizo nikapata wazo ambalo nililiona la mwisho katika sayansi.

Niliwaza hivi: mama anazijua CD zangu kwa sababu ziko uchi. Hazina sura. Ya Mjapani ina picha na maandishi. Basi nikakaa kwenye mashine ya picha za pasipoti, nikatengeneza lebo ya duara, ya rangi, yenye ua jekundu, na nikazungushia herufi za Kijapani nilizozinakili kutoka kitabu cha gari. Kwa ninavyojua leo huenda zilikuwa zinaeleza jinsi ya kubadili taa ya breki. Nikaichapa kwenye karatasi nzuri ya picha, nikaibandika juu ya CD kwa gundi. Ilipendeza! Mteja mmoja aliuliza bei.

Alhamisi ile Baba alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari, bila kushikwa. Nikawasha, mama akasema yake, nikamwamkia. Nikaisukuma CD. Redio ikaimeza nusu, ikasita, ikaimeza yote. Ndani mkasikika kitu kinakwaruza, kama mtu anayekata sufuria kwa kisu. Kisha kimya. Nikabonyeza itoke. Haikutoka. Nikabonyeza tena. Kioo kikazimika, kikawaka, kikaandika herufi zilezile na kubaki nazo.

Lebo ilikuwa imekwamisha. Sasa hata ya Mjapani haikuwa na pa kuingilia. Niliisikia CD ile ikigonga kidogokidogo humo ndani njia yote mpaka hospitali.

Baba kiganja alikiacha mlangoni safari hiyo mpaka mjini. Nadhani alisahau kukiondoa. Hapakuwa na kitu cha kusikia, hata kibaya.

Jumatatu iliyofuata nilipoingia chumbani kwake nilimkuta amekaa kitandani, hajavaa viatu.

"Leo siendi," akasema.

"Baba, twende. Nimeshapata njia nyingine. Alhamisi—"

"Mwanangu." Akaniwekea mkono mdomoni, yeye ambaye maisha yake yote alinitazama mdomo ili anisikie. "Alhamisi zako zimekuwa nyingi."

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Mke wangu alipiga magoti mbele yake, akamwomba kwa majina yote ya watoto. Mchungaji alikuja. Muuguzi alipiga simu mara mbili, na mara ya pili alinieleza kwa maneno ya wazi kitakachotokea na kwa siku ngapi. Baba alitusikiliza sote, yaani alitutazama, na kila mmoja alimjibu kwamba amechoka, na kwamba anashukuru.

Uani mke wangu akanishika shati. "Lipeleke gari kwa fundi. Leo."

"Ikijifunga je?"

"Imeshajifunga, baba! Unasubiri nini tena?"

Sikulipeleka. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa nauguza na sikuwa na nafasi, na kwa sehemu ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilimwogopa yule mama. Niliona kwamba amekasirika na nikimkasirisha zaidi, zile mia na sita hazitapigwa na gari lolote duniani. Mtu mzima, na cheti.

Baba alivimba miguu, kisha uso, kisha akaanza kulala mchana kutwa. Nilimwekea ile spika ya jirani juu ya ubao wa kitanda, nikaifungulia mpaka mwisho. Sijui kama ilimfikia. Siku ya kumi na moja, baada ya uji wa asubuhi ambao hakuunywa, alikata roho, mke wangu akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa natafuta waya wa kuchajia.

Kwenye mazishi lilikuja kundi la tarumbeta la usharika mwingine, vijana wazuri, sare zimepigwa pasi. Walipiga nyimbo tatu. Hawakuwa na besi. Kiongozi wao aliniomba radhi, akasema yao ilitoboka na hawajapata wa kuiziba. Nilimwambia hakuna neno. Watu waliokuwa karibu walinisikia nikitania kwamba marehemu angewafukuza wote, wakacheka, nami nikacheka nao, maana ndivyo nilivyo, hata jeneza likiwa mbele yangu mdomo wangu unatafuta pa kuingilia.

Baada ya arobaini ndipo nilipopeleka gari kwa fundi wa redio, Ngamiani, Tanga mjini. Sikutaka kutengeneza chochote. Nilitaka CD yangu itoke. Ilikuwa ndiyo ya mwisho niliyoichoma akiwa hai, na sikupenda ikae humo ikigonga.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mkimya, bisibisi nyuma ya sikio. Nilimwambia CD ina nyimbo mia na sita, nikamtahadharisha kuhusu namba za siri, akaitikia kwa kichwa huku tayari ameichomoa redio. Haikujifunga. Aliibandua lebo na kuitoa CD kwa koleo jembamba, akaipangusa, akaigeuza juani. Akarudisha redio mahali pake, akaingiza CD yake mwenyewe aliyoichoma, yenye jina la mwimbaji limeandikwa kwa kalamu ya wino. Akawasha gari. Mama akasema yake. Na sabufa ikapiga, buti likatetemeka, muziki wa kuchoma, mchana kweupe.

Nikamshika mkono. "Fundi, huyu mama amekuruhusu vipi?"

"Mama yupi, kaka?"

"Huyu anayesema kadoga. Anayekataza CD za kuchoma."

Alinitazama aone kama namtania. Alipoona sitanii alipunguza sauti ya muziki, kisha akainama, akanionyesha kisanduku cheusi kidogo chini ya usukani ambacho sikuwahi kukiona.

"Anaongelea humu, wala si kwenye redio," akasema. "Anasema kadi haijawekwa. Kadi ya kulipia barabara za huko kwao Japani. Magari yao mengi yanasema hivyo. Hamkatazi mtu kitu." Akanirudishia CD yangu. "Na redio yako ni nzima, kaka. Ila ni ya zamani, inasoma audio tu. Hii umechoma data. Ungechagua audio, ingepiga siku ya kwanza."